Komisheni ya Midomo Iliyozidi

Inatangazwa kwa watu wote wa Kalemie, wenyeji na waliokimbia vita, wenye kazi na wasio nayo, kwamba chanzo cha njaa kimepatikana. Chanzo hicho ni watu.

Ndivyo lilivyosema tangazo tulilolibandika kwenye mlango wa posta, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili, vita vikiwa katika mwaka wake wa pili. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, na Komisere Augustin, mkubwa wangu, akalishika tangazo kwa vidole viwili mpaka likakauka. Watu walisoma, wakasoma tena. Nilidhani ni mshangao wa wanaoelezwa sayansi kwa mara ya kwanza. Halafu mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani akaniuliza kama ile gundi ilibaki.

Mimi naitwa Emile. Kabla ya vita nilikuwa karani wa bandari. Utawala mpya ulipoingia mjini ulitambua vipaji vyangu, hasa mwandiko, ukanifanya Katibu wa Kudumu wa Komisheni ya Ulinganifu wa Watu na Chakula, kwa kifupi KUWACHA. Kifupisho hicho alikitunga Komisere mwenyewe baada ya kufikiri siku tatu. Sokoni watu walikuwa wakiulizana, "Papa Emile anafanya kazi gani siku hizi?" na kujibiana, "Kuwacha," kisha wakacheka. Sikuona cha kuchekesha, kwani jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Elimu yetu ilitoka katika kitabu. Komisere alikuwa amepewa nyumba ya muhandisi mmoja aliyekimbia, na humo, nyuma ya kabati, alikuta kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada. Kilieleza wenye akili wa Ulaya ya zamani walifikiri nini juu ya utajiri na umasikini. Mchwa walikuwa wamekula majina ya wenye akili hao, ila mawazo yao waliyaacha. Komisere alianza kukisoma mwishoni, kwa kuwa wakubwa hawana muda wa mwanzo.

"Emile," aliniambia siku aliyokianza, akifunga mlango wa biro, yaani ofisi yake, kama mtu anayetaka kutoa siri ya jeshi. "Unajua watu wanaongezeka namna gani? Mbili, ine, nane, kumi na sita. Na chakula? Moja, mbili, tatu, ine. Watu wanakimbia, muhogo unatembea. Huyu alikuwa padri, muntu wa Mungu, na aliandika hivyo zaidi ya miaka mia mbili imepita. Sisi tulikuwa wapi?"

Nilimuuliza kwa heshima kama reli iliyokatwa, maboti yaliyofungwa bandarini na askari, na mbuzi walioliwa kwenye vizuizi vya barabarani vinaingia katika hesabu hiyo. Alinitazama kwa huruma.

"Ile ni mambo ya kupita, Emile. Sayansi haipiti."

Komisheni ikaundwa wiki hiyohiyo. Tulikuwa watu thelathini na mmoja: Komisere, mimi, makamu wawili, washauri wa mambo ya midomo, washauri wa mambo ya matumbo, mkuu wa itifaki, wapimaji, walinzi, na madereva wanne wa gari moja ambalo magurudumu yake yalikuwa bado njiani. Ili tuweze kufikiri bila kusumbuliwa na njaa, kila muuzaji wa soko alitakiwa kuleta bakuli moja la unga kila asubuhi, au samaki wa kiasi hicho. Tuliuita Mchango wa Ulinganifu. Tulikuwa tukila saa sita kamili, na saa saba tulijadili njaa.

Amri ya kwanza ilihusu ndoa. Kitabu kilisema wazi kwamba masikini wakichelewa kuoana, njaa nayo inachelewa. Basi tukaamua kwamba hakuna atakayeoa Kalemie bila kibali, na hakuna atakayepata kibali bila kuonyesha magunia mawili ya muhogo mkavu kwa kila mtoto anayetarajiwa.

Waombaji wa kwanza walikuwa Chabani na Djamila. Chabani alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia treni inapoingia stesheni, na treni haikuwa imeingia tangu vita vianze. Djamila alikuwa binti wa Mama Zuhura, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mjane ninayemfahamu tangu siku zangu za bandari. Walikaa mbele yangu kwenye benchi, wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati, kama inavyofaa.

"Munatarajia watoto wangapi?" niliuliza.

"Papa Katibu, hata ndoa bado," alisema Chabani.

"Fomu inauliza."

"Andika wale Mungu atatoa," alisema Djamila.

"Fomu inataka tarakimu."

Chabani akakohoa. "Basi andika saba."

Djamila akageuka polepole. "Saba? Wewe njo utawabeba?"

"Tano."

"Chabani."

"Tatu, Papa Katibu. Andika tatu."

Tatu kwa mbili ni sita. Walikuwa na gunia moja na nusu. Niliandika "Imeahirishwa mpaka mavuno," nikapiga muhuri, nikapuliza wino ukauke. Djamila aliweka kidole pembeni mwa ule muhuri.

"Papa Katibu, baba yangu alikufa, unajua. Baba mudogo Souleymane alivuka ziwa toka Kigoma ili aniozeshe. Boti yenye kumuleta inarudi Ijumaa ya wiki tatu zijazo, na wakubwa wa bandari wamesema hawatamuacha akae zaidi. Akienda, nani atasimama kwa ajili yangu? Na vita hii, nani anajua kama atavuka tena?"

Nilimweleza kwamba baba yake mdogo naye alihitaji Cheti cha Mdomo, yaani ruhusa ya kula mjini, kwa sababu alikuwa ameshakula mjini siku mbili bila kuandikishwa. Walipotoka niliirudia hesabu yao mara mbili. Ilikuwa bado sita.

Kesho yake Mama Zuhura alikuja mwenyewe. Hakupitia kwangu. Alimpita mlinzi, akampita mkuu wa itifaki, akasimama mbele ya meza ya Komisere akiwa na kitenge chake kimefungwa vizuri na mikono yenye harufu ya kazi yake.

"Papa Komisere, jambo."

"Jambo sana, Mama."

"Nimesikia watu wanaongezeka mbili, ine, nane."

"Ndiyo hivyo."

"Na chakula moja, mbili, tatu."

"Mama amefahamu kabisa," alisema Komisere, akafurahi.

"Na ndagala?"

"Ndagala nini?"

"Ndagala inaongezeka namna gani? Ndagala mumoja akitaga, anatoa moja, mbili, tatu?"

Komisere akafungua kitabu. Akafunua kurasa upande huu, akafunua upande ule. Nilisikia karatasi zikilia. "Kitabu hakiongei juu ya ndagala," alisema mwishowe.

"Mwenye kukiandika alikuwa anakula nini?"

"Mukate, nafikiri."

"Basi aliandika juu ya mukate. Papa, mimi nauza ndagala tangu sijaolewa. Ndagala wa ziwa hii wakisikia ile hesabu yako watacheka mpaka wavuliwe. Kuzaa, wanazaa. Shida njo maboti. Askari wamefunga maboti saba pale bandarini. Wewe fungulia watu boti moja tu, halafu kuja unihesabie midomo."

"Hilo ni jambo la kijeshi, Mama. Sisi ni wa sayansi."

"Basi na ndoa ya mutoto wangu ni jambo la sayansi gani?"

Komisere akasema swali lake limepokelewa. Nikafungua faili jipya na kuandika juu yake: Ndagala, Tabia ya Uzazi ya. Faili hilo lilibaki tupu, lakini lilikuwa na namba.

Tangu siku hiyo Komisere akawa mtu wa mawazo. Alichukua kitabu nyumbani, akaendelea kusoma kurudi nyuma, na Jumatatu iliyofuata alifika na uso wa mtu aliyepona homa.

"Emile, yule padri tumuache kidogo. Kabla yake kulikuwa na munganga wa mufalme wa Ufaransa. Huyu njo kiboko. Anasema utajiri wote unatoka ardhini. Mwenye kulima anazalisha. Mwenye kuuza, mwenye kushona, mwenye kupitisha kitu toka mukono huu mpaka ule, hazalishi kitu. Unajua anawaita nani?"

Akanisogezea kitabu na kuniwekea kidole juu ya neno. Mimi ndimi niliyelitafsiri, na sitakataa lawama. Niliandika: tabaka tasa.

Amri ya pili ikatoka siku hiyohiyo. Kila mdomo mjini ungeandikishwa na kuulizwa umetoa chakula gani ardhini, au majini. Hilo la majini tuliliongeza kwa kumwogopa Mama Zuhura. Wale watakaoonekana ni tasa wangehamishiwa Katanika, kule kwenye kambi ya waliokimbia vita, wakajifunze udongo. Ibara ya saba niliitunga mimi: "Amri hii inahusu kila mdomo, bila ubaguzi." Niliisoma mara mbili kwa sauti, peke yangu, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Komisere alikuwa na jina la kwanza tayari. "Muuza ndagala yule. Hana shamba, hana jembe, ana mudomo tu. Mupelekee barua."

Nilimkuta Mama Zuhura uani kwake, anageuza ndagala juu ya mikeka. Djamila alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Kwenye kiti cha kamba alikaa Souleymane, mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe, akinywa chai ya rangi. Mama Zuhura aliifuta mikono, akaichukua barua, akaisoma kwa sauti mpaka akafika pale.

"Tasa?"

"Mama, ni neno la kitaalamu."

"Mimi? Tasa?" Hakupiga kelele. Aligeukia nyumba. "Djamila, simama. Ita ndugu zako."

Wakatoka mmoja mmoja, wengine na vitabu, mmoja na sabuni masikioni, wakajipanga ukutani kwa urefu. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua.

"Papa Katibu, hesabu."

"Mama, maana ya tasa hapa ni ya kiuchumi."

"Hesabu kiuchumi."

Nilihesabu. Walikuwa sita. Jirani mmoja akacheka hadi akashika ua, na ua ukaanguka kidogo. Niliandika "sita" pembeni mwa barua, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na kalamu.

Souleymane akaweka kikombe chini. Yeye alisema Kiswahili cha ng'ambo, cha taratibu. "Samahani, bwana Katibu. Sheria hii inamhusu nani hasa?"

"Kila mtu, mzee wangu."

"Hata walioiandika?"

Nikamsomea ibara ya saba. Niliisoma kwa majivuno, nakiri. Nilipofika kwenye "bila ubaguzi" nikayasoma maneno hayo mara ya pili, polepole.

"Sheria nzuri," alisema Souleymane. "Basi itekelezeni yote."

"Sawasawa," alisema Mama Zuhura. "Anza kuandika, Papa Emile. Nyumba kwa nyumba. Na liste ya majina isomwe mbele ya watu wote. Ikionekana mimi ni tasa, nitakunja mukeka yangu mwenyewe na kwenda Katanika, hamutaniona nikilia. Lakini iandikwe yote."

Ikaandikwa yote. Nilitembea siku nane na daftari kwapani. Nilidhani ningekuta mji wa watu wanaokula tu. Nilikuta mji wa majembe. Muuguzi alinipeleka nyuma ya wodi akanionyesha matuta yake ya viazi vitamu. Mwalimu aliniambia nimsubiri, akaja na udongo mpaka magotini. Jaji, ambaye mahakama yake haikuwa na paa, alikuwa na mihogo ndani ya chumba cha mashahidi, na ilikuwa inapata jua vizuri. Mishahara haikuwa imeonekana miaka mingi. Kila mtu alikuwa ameinama mahali fulani akapanda kitu. Mama Zuhura mwenyewe alikuwa na kipande cha mlima nyuma ya nyumba, na nusu ya mtumbwi, nusu nyingine ikiwa ya dada yake.

Chabani nilimkuta kwenye reli. Kuanzia stesheni kuelekea mto Lukuga, kati ya chuma na chuma, kila penye nafasi baina ya mataruma, alikuwa amepanda muhogo. Mistari ilinyooka kama iliyochorwa na muhandisi. Alikuwa amevaa kofia yake ya kazi.

"Unalima katika njia ya treni?" niliuliza.

"Papa Katibu, kazi yangu ni kutunza hii njia. Siku treni itakuja, nitavuna haraka na kuipisha. Sasa treni haiji. Niache njia iote majani?"

Nikaandika: Chabani, mzalishaji. Nilitaka kuandika zaidi, lakini safu ilikuwa fupi.

Siku ya nane ikabaki nyumba moja, yangu. Mke wangu Henriette alikuwa anakoroga bukari, ugali wetu wa muhogo. Nilikaa kwenye kigoda nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine, naye akajibu bila kugeuka: maharagwe, muhogo, matuta matatu ya mchicha wa lengalenga, na mahindi kidogo yaliyoibwa na askari, kama hayo yanahesabiwa. Nikaandika. Akaipua chungu, akafuta mikono, akanyoosha mmoja.

"Lete ile karatasi. Na wewe sasa."

"Mimi ni wa biro, Henriette."

"Kila mudomo, si njo uliandika? Emile, karani wa zamani. Ulitoa nini ardhini?"

Nilifikiri. "Matangazo," nilisema.

"Majini?"

Nikatazama mtungi wa maji.

"Chini hapa wanauliza: unalishwa na nani?" Akanirudishia karatasi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Andika. Jina langu unajua kuliandika."

Niliandika. Nimesifiwa mwandiko maisha yangu yote, lakini neno lile, Henriette, lilitoka limepinda kama limeandikwa na mtu aliyepanda baiskeli.

Jumamosi Mkaguzi Mkuu akaja kwa ndege kutoka makao makuu. Makao makuu yalitaka matokeo. Ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli ulijaa mpaka madirishani. Mama Zuhura alikaa mstari wa mbele, mkeka wake umekunjwa na kufungwa kamba, Djamila upande mmoja na Souleymane upande wa pili. Chabani alisimama ukutani. Zilibaki siku sita boti irudi Kigoma.

Nilijaribu kumwonya Komisere. Nilimshika mkono nyuma ya jukwaa. "Papa Komisere, kuna jambo juu ya ile orodha."

"Ni ndefu?"

"Watu thelathini na mmoja."

"Ni wachache sana, Emile. Lakini tutaanza nao."

"Papa, ungeisoma kwanza."

"Kusoma orodha ni kazi ya katibu," alisema, akapanda jukwaani.

Alihutubia kwa saa nzima. Alisema mji ni kama mtumbwi, na midomo isiyozalisha ni mawe. Halafu, ili Mkaguzi aone uthabiti wa utawala, akaitia amri sahihi pale pale, mbele ya macho ya wote: waliomo katika orodha wahamishwe leo kabla ya saa tisa, bila kujali cheo, bila rufaa. Akapiga muhuri mpaka meza ikayumba. Watu hawakupiga makofi. Djamila alimshika mama yake mkono.

"Katibu, soma!"

Nikasimama. Nikafungua daftari, kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu.

"Namba moja. Augustin, Komisere. Alichotoa ardhini: hakuna. Alichotoa majini: hakuna. Analishwa na: wamama wa soko."

Waliokuwa madirishani wakaingiza vichwa ndani zaidi.

"Namba mbili. Emile, Katibu wa Kudumu. Alichotoa ardhini: hakuna. Majini: hakuna. Analishwa na Mama Henriette."

Nikaendelea. Makamu wa kwanza, makamu wa pili, washauri wa midomo, washauri wa matumbo. Nilipofika kwa mkuu wa itifaki watu walikuwa wameanza kunisaidia; nilisema "Ardhini?" na ukumbi mzima ukajibu "Hakuna!" Namba thelathini na moja ilikuwa dereva wa nne. Baada yake hapakuwa na mtu. Mji mzima wa Kalemie, ukituondoa sisi, ulikuwa unalima au unavua.

"Kuna kosa la kitaalamu," alisema Komisere.

Mkaguzi Mkuu alikuwa anaandika katika kijitabu chake. "Jumla ni ngapi?"

"Thelathini na mmoja, Mheshimiwa," nilisema.

"Makao makuu waliomba thelathini. Mumepita kipimo. Pongezi."

"Mheshimiwa, hao ni sisi!" alilia Komisere.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na muhuri?"

"Ni wangu."

"Basi shida iko wapi?" aliuliza Mkaguzi, akafunga kijitabu.

Mama Zuhura akasimama. "Samahani, Mukubwa wa ndege. Na wewe umelima nini mwaka huu?"

Mkaguzi akatazama saa, akasema rubani hapendi kungojeshwa, akatoka bila kunywa soda yake. Askari wakatupanga wawili wawili. Wao hawakuwa na ubaya nasi. Walikuwa na amri yenye muhuri, na siku zile amri yenye muhuri ilikuwa kitu adimu. Wamama wa soko wakatuazima majembe.

Kwenye ngazi za ukumbi Djamila na Chabani wakanizuia njia, fomu mkononi. Nilikuwa bado Katibu mpaka saa tisa. Niliikata ile "Imeahirishwa" kwa mistari miwili, nikaandika "Imekubaliwa". Kwenye sehemu ya tarakimu nikaandika: "Watakavyopenda wenyewe." Djamila aliisoma, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Souleymane akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Walioana Alhamisi, boti ikaondoka Ijumaa. Nilielezwa na Henriette, aliyekuja Katanika kwa miguu na chungu cha pilau kimefunikwa vizuri. Alisema Souleymane aliozesha kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na Mama Zuhura alicheza kuliko bibi harusi. Kisha akanitazama viganja, akaona malengelenge, akayapaka mafuta ya mawese. Ilikuwa miaka mingi hajanishika mikono.

Kuhusu Komisere, naripoti yafuatayo. Kule Katanika kulikuwa na kamati ya waliokimbia vita, na mkuu wake alikuwa Mama Anne, aliyeshuka kutoka Kirungu, kwenye milima ya Marungu, na watoto watatu na jembe moja. Alitupanga mbele yake siku ile ya kwanza.

"Hapa tuko wengi," alisema, "na chakula ni kidogo."

Uso wa Komisere ukang'aa. Akasogea mbele, akainua kidole. "Mama, hapo umegusa jambo lenyewe. Kuna hesabu..."

"Kwa hiyo," aliendelea Mama Anne, "kila mwenye kuja anapewa mustari wa kulima. Wako ni ule."

Ulikuwa mstari wa muhogo mchanga, umejaa magugu. Nataka kuwa mwaminifu kwake: alifanya kazi. Kesho yake alivua koti akalitandika vizuri juu ya jiwe, akainama asubuhi nzima bila kupumzika, akitokwa na jasho, akipiga miguno, na saa sita alinyooka akatuita wote tuje tuone. Udongo ulikuwa umechimbuliwa vizuri. Miche yote ya muhogo ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa pembeni, na magugu yalikuwa yamesimama yamenyooka, kila gugu kwa nafasi yake, yametunzwa hasa.

Mama Anne aliutembea ule mstari toka mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma. Akarudi akasimama mbele ya Komisere, akamtazama bila hasira, kama mtu aliyeelezwa jambo lililomsumbua siku nyingi.

"Papa Komisere," alisema, "leo njo naelewa kazi muliyokuwa munafanya kule mujini."

Kisha akainama, akaanza kuirudisha miche ardhini mmoja mmoja kabla jua halijaiua, na sisi wengine tukainama naye.